Mikono Kwenye Boneti

Kosa lilikuwa kuliombea gari wakati fundi hayupo. Ilikuwa Ijumaa na Fundi Naim alikuwa ameenda msikitini. Aliacha agizo moja tu, tena kwa sauti iliyowafikia hata majirani: mtu yeyote asiguse hicho chuma. Phelista, mke wa mwenye gari, aliitikia kwa kichwa. Haukupita muda mrefu, akina mama wa Kikundi cha Tumaini wakaingia langoni wakiimba, wakalizunguka gari, wakajimiminia viganjani mafuta ya kupikia yaliyokwisha kubarikiwa, na kila mmoja akaweka mikono pale Roho alipomwelekeza. Roho aliwaelekeza zaidi kwenye boneti.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 ya marehemu baba yake Mzee Wabwile, lenye umri mkubwa kuliko bwana harusi. Dada wote wa Wabwile walitoka kwa wazazi wao wakiwa wamekaa kiti chake cha nyuma, na sasa ilikuwa zamu ya Dinah, binti yake, kutolewa Matisi, mtaa wa Kitale, kupelekwa kanisani Bungoma. Kwa nini lilihitaji fundi ni jambo ambalo familia haikupenda kulizungumza mbele ya watu. Siku ya mahari, mjomba wa bwana harusi aliligonga mlango kwa kidole akiuliza, "Hii ni chuma ya zamani, sivyo?" na kidole kikaingia ndani hadi kwenye pete. Walimtoa taratibu, kwa sabuni. Hakuna aliyecheka mpaka wageni walipoondoka, na hata hapo Wabwile hakucheka.

Kutu ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi Wabwile alikuwa akibebea mbolea ya kupandia kwenye buti, magunia yakivuja, na kila msimu unga wa mbolea ukaingia kwenye maungio ya chuma na kunyonya unyevu wa Kitale, ambao hauna uhaba. Dawa yake ilikuwa kupaka oili chafu chini ya gari kila Desemba na kusema kazi imekwisha.

"Mzee," Naim alimwambia siku ya kwanza, akitoa vipande vya sakafu ya buti kama mtu anayemenya ndizi, "hii mbolea imekula gari yako kushinda mahindi."

"Wewe piga rangi tu. Krimu. Kama ile ya zamani."

"Rangi ni nguo, Mzee. Utavalisha mgonjwa suti? Kwanza naosha hii chumvi na maji moto. Halafu naziba mashimo. Halafu napaka dawa ya kutu, ile ya kufanya kutu igeuke nyeusi ife. Halafu praima nyekundu. Halafu chini napaka lami. Ndio tuongee krimu."

"Arusi ni Jumamosi ijayo."

"Na mimi nimesema tutaongea."

Naim aliipenda sauti yake, na alikuwa na tabia ya kusimama mbali na kazi, mikono kiunoni, akiiangalia kana kwamba imepigwa picha. Lakini ndiye fundi pekee aliyekubali kufanyia kazi nyumbani kwa mteja, na Wabwile aliamini kwamba gari likilala gereji huamka bila kabureta.

Basi ile Ijumaa gari lilikuwa limeoshwa, limezibwa, limepakwa dawa, limesuguliwa kwa msasa, likiwa chuma kitupu cha kijivu kinachong'aa. Naim aliporudi kutoka msikitini alilikuta pale pale lilipokuwa. Akina mama walikuwa wamekwisha kunywa chai na kuondoka. Wabwile, ambaye ni mzee wa kanisa na aliyaona yote kupitia dirishani, alisoma gazeti la juzi kwa makini makubwa.

"Kuna mtu amegusa?" Naim aliuliza.

"Kwani kuna mtu wa kugusa?" Phelista akajibu, jambo ambalo, ukilichunguza vizuri, halikuwa uongo.

Jumamosi asubuhi Naim alikodi kompresa, akafunga kitambaa puani, akaanza kupuliza praima. Rangi nyekundu ilitanda vizuri juu ya paa. Ikatanda kwenye milango. Ilipofika kwenye boneti ikakataa. Ilijikunyata, ikarudi nyuma, ikaacha madoa ya chuma, na madoa yale yakawa na vidole. Mkono mmoja, kisha wa pili, kisha boneti nzima ikajaa viganja vilivyonyooshwa kuelekea kioo, kana kwamba kuna watu wamefungiwa chini ya chuma wakiomba kutolewa.

Naim alizima kompresa. Alivua kitambaa.

"Mzee! Mzee Wabwile! Kuja uone majini!"

Familia nzima ikatoka. Phelista aliangalia boneti, akaangalia miguu yake.

"Hiyo si majini," alisema polepole. "Hiyo ni Mama Chelangat."

"Mama nani?"

"Ule mkono mkubwa. Anavaa pete kidole cha kati. Huyu wa kando ni Mama Kabura."

"Mama, mliweka mikono kwa chuma yangu?"

"Tuliweka wakfu."

"Na mafuta?"

"Sasa wakfu bila mafuta ni wakfu gani, Fundi?"

Naim alikaa chini kwenye mtungi wa lami. "Mimi naenda kuomba kwa Mungu," alisema, "na nyinyi huku nyuma mnaniombea kwa gari. Kwani Mungu ni mmoja ama ni wawili wanashindana?"

"Sasa itafanywa nini?" Wabwile aliuliza.

"Ni rahisi. Napangusa yote na thina, mpaka chuma ikuwe safi. Napaka dawa tena. Praima tena. Tukianza leo, Alhamisi mko na krimu."

Alikwisha kuchukua kitambaa. Phelista alisimama kati yake na boneti.

"Huwezi kupangusa maombi ya watu na thina," alisema.

*

Mtu asiyeishi Matisi anaweza kudhani hapo ndipo mume husema neno moja na mambo yakaendelea. Mtu huyo hajui sufuria. Sufuria zote kubwa za mtaa, zile za kupikia wali wa watu mia, pamoja na viti vya plastiki na hema la buluu, ni mali ya Kikundi cha Tumaini, na Mama Chelangat, mwenyekiti, ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Akina mama hao ndio waliokuwa wapike chakula cha Ijumaa cha kumuaga Dinah, na ndio waliokuwa wamsindikize kwa nyimbo. Kumpangusa Mama Chelangat kwa thina kulikuwa na gharama.

Habari zilimfikia kabla ya adhuhuri. Alikuja mwenyewe, akaweka mkono juu ya mkono wake uliokuwa kwenye boneti, ukaingia sawasawa.

"Huu ni ushuhuda," alisema.

"Huu ni mafuta ya chapati," Naim akasema kutoka kwenye mtungi wake.

"Fundi, wewe si wa kanisa letu, hatukulaumu. Lakini Baba Dinah, wewe ni mzee wa kanisa. Nimesikia ati mnataka kufuta na thina. Ile ya vijana kunusa stendi."

"Hakuna mtu amefuta," Wabwile alisema.

"Basi isifutwe. Kama itafutwa, Mwinjilisti afike aseme. Sisi hatutapika kwa boma yenye inapangusa maombi."

Mwinjilisti Zachary alikuwa Naitiri kwenye semina, na simu yake ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kufunga. Angerudi Alhamisi.

Kwa hiyo Jumapili gari likakaa. Jumatatu gari likakaa. Naim alikuja kila asubuhi, akalitazama, akanywa chai ya Phelista na kuondoka akizungumza peke yake. Jumatatu jioni ilinyesha mvua ya upande, ikaingia chini ya mabati ya kibanda. Jumanne palipokuwa na chuma kitupu, yaani kwenye vile viganja, pakawa na rangi mpya ya machungwa. Kutu. Haikuwa imekula sana, lakini ilifuata mistari ya mikono kwa uaminifu kabisa, hata pete ya Mama Chelangat ilionekana.

Sifuna, ndugu mdogo wa Wabwile, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bungoma, alipiga simu kila siku.

"Ndugu, gari imeiva?"

"Inakauka."

"Tangu Jumamosi? Kwani mlipaka uji? Si nilete tu Prado? Msichana aketi kwa AC."

"Dinah atatoka na gari ya baba."

"Sawa. Lakini nimesikia ati iko na mikono. Nani amezuiwa ndani?"

Wabwile alikata simu. Kisha akatoka nje na kumkuta Dinah amesimama mbele ya boneti na kikombe cha chai kilichopoa.

"Mpigie Baba Mdogo alete Prado," Dinah alisema. "Nimechoka, Baba. Jana kwa kazi mteja ameniuliza kama ni kweli gari yetu inapunga watu."

"Unataka kwenda na Prado?"

"Sitaki. Nataka mtu mmoja hapa nyumbani aamue kitu."

"Ni jambo la kanisa."

"Ni boneti, Baba."

Wabwile alikuwa karani wa bohari ya mahindi kwa maisha yake yote ya kazi. Aliwahi kurudisha lori zima la mahindi mabichi na dereva wake akitoa matusi. Nyumbani kwake, mbele ya wanawake wenye sufuria, alichukua kile kikombe kilichopoa na kukirudisha jikoni.

*

Mwinjilisti Zachary alifika Alhamisi, amekonda kwa semina. Alipelekwa kuliona gari. Alilizunguka huku mikono yake ikiwa mgongoni, jambo ambalo Naim alilisifu kwa sauti. Kisha watu wakaingia sebuleni: Mwinjilisti, Wabwile, Phelista, Mama Chelangat na nusu ya kikundi, na Naim kwenye kiti cha mlangoni kama shahidi wa upande wa pili. Chai ilimiminwa. Mkate ulikatwa.

"Swali ni hili," Mwinjilisti alisema baada ya kikombe cha pili. "Je, baraka iko kwa mafuta, ama iko kwa gari?"

"Iko kwa gari," Naim alisema. "Sasa natoa mafuta."

"Na kama iko kwa mafuta?" Mama Chelangat akauliza.

"Basi mngepikia chapati tukule baraka."

"Naim!" Phelista alisema.

"Mama, naomba msamaha. Lakini kila siku yenye tunaongea, kutu inaingia. Kutu haingoji semina."

"Fundi, Mungu aliyelinda hii gari miaka yote atashindwa na kutu?" Mama Chelangat aliuliza.

"Uliza yule mjomba wa Bungoma," Naim alisema, na Wabwile akakohoa kwa nguvu.

Mwinjilisti aliinua mkono. Alisema jambo hili ni zito, na kwamba mambo mazito hayaamuliwi kwa midomo. Akawaomba wote wasimame, wafumbe macho, wamtafute Bwana mpaka ajibu. Alianza taratibu. Aliomba kwa ajili ya Kitale, kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya serikali, kwa ajili ya barabara kutoka Kitale hadi Bungoma na kila daraja lililopo. Alikuwa hajakaribia hata gari lenyewe harufu ilipoingia.

Ilikuja kwanza nyembamba, kupitia dirishani. Kisha ikajaa. Ilikuwa kali na tamu, ikachoma pua, na hakuna mtu pale sebuleni aliyehitaji kuambiwa ni ya nini. Phelista alikunja uso, macho yakiwa yamefumbwa. Naim, ambaye hakuwa amefumba, alitazama nje, kisha akayafumba haraka kwa heshima kuliko wote. Mama Chelangat alifungua jicho moja. Alimwangalia Mwinjilisti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika kwenye viwanda vya sukari. Mtu hawezi kutoka katikati ya maombi, hasa kama yeye ndiye aliyedai yafanywe. Jicho likafumbwa. Mguu wake ukaanza kupigapiga sakafu.

Harufu ikazidi. Mwinjilisti akapiga chafya, akaomba msamaha kwa Bwana, akaendelea. Nje palisikika kitambaa kikisugua, mbele na nyuma, mbele na nyuma, bila haraka.

"Amina," alisema hatimaye.

Hakuna aliyesubiri sala ya neema. Walitoka wakisukumana mlangoni.

Dinah alikuwa amemaliza boneti na alikuwa kwenye madigadi ya kulia. Alikuwa amevaa gauni la zamani na amefunga nywele kwa leso; zilikuwa zimesukwa jana yake kwa ajili ya harusi. Chini kulikuwa na rundo la vitambaa vyekundu. Boneti ilikuwa kijivu, safi, bila mkono hata mmoja.

"Nani amekutuma?" Mama Chelangat aliuliza.

"Hakuna."

"Unajua umefuta nini? Umefuta maombi ya mama zako. Siku mbili kabla ya arusi!"

"Dinah," Phelista alisema. "Si ungengoja."

"Nimengoja, Mama. Tangu Jumamosi nangoja." Aliweka kitambaa chini na kumgeukia Mama Chelangat, ambaye alimshika mikononi siku alipozaliwa na hakuwahi kumwacha alisahau. "Mama, naomba nikuulize bila kukosa adabu. Ile Ijumaa mlikuwa mnaombea gari, ama mlikuwa mnaniombea mimi?"

"Ni swali gani hilo? Wewe! Tutaombea gari ya kazi gani?"

"Basi mimi niko hapa. Sijaenda Bungoma bado. Nishikeni mimi. Gari muachie Fundi."

Mwinjilisti, ambaye alikuwa ametumwa kutafuta jibu na hakulipata hata kwenye madaraja, alikuna shingo na kusema kwamba, kwa kweli, hilo lina msingi. Mama Chelangat hakumsikiliza. Alikuwa akiitazama mikono ya Dinah. Thina ilikuwa imenyonya mafuta yote ya ngozi. Ilikuwa myeupe kama iliyopakwa majivu, imepasuka kwenye viungo, na vidole viwili vilikuwa vikitoa damu kidogo palipochubuliwa na ukingo wa chuma.

"Ona hii mikono," alisema. "Ona. Jumamosi huyu mtoto atavishwa pete kwa kidole gani? Mama Dinah! Lete ile chupa!"

Chupa ikaletwa. Mama Chelangat alimkalisha Dinah kwenye mtungi wa lami, akajimiminia mafuta viganjani, akaanza kumkanda mikono kuanzia kwenye kiwiko, akiwa amekasirika, akimgombeza kuhusu thina, kuhusu nywele zake, kuhusu wasichana wa siku hizi. Wengine wakasogea. Mmoja alimshika bega, mwingine kichwa, mpaka bibi harusi hakuonekana tena. Mtu akaanza wimbo. Ni vigumu kusema kama ilikuwa maombi au ni kumpaka mtu mafuta, na mara hii hakuna aliyeuliza.

"Wazazi," Naim alisema kwa upole ambao haukuwa wake, "endeleeni. Lakini mkimaliza, tafadhali, mtu yeyote asiegemee gari."

*

Sufuria zilikuja Ijumaa alfajiri. Naim naye alikuja. Alikuwa amepaka dawa Alhamisi jioni, na sasa alisugua, akapuliza praima nyekundu, na safari hii ilikaa kila mahali kama ngozi. Alienda msikitini, akarudi, akamkuta Wabwile anamngoja na mkebe wa rangi ya krimu.

"Hapana, Mzee."

"Kompresa iko hapa. Rangi iko hapa."

"Praima ni mbichi. Nikiweka krimu leo, kesho jua ikipiga, mtaanza kumwaga rangi kabla mfike Kamukuywa. Na chini yake kutu inarudi. Wiki mbili uko na mashimo."

"Naim, watu watasema nini? Gari itaingia kanisani hivi?"

"Itaingia na shimizi. Lakini shimizi safi."

"Mimi ndiye nalipa!"

"Lipa mtu mwingine apake. Mimi jina langu iko kwa hiyo gari."

Wabwile alitazama ule wekundu mkavu usiong'aa, kama matofali ya mahame. Alifikiria Prado ya Sifuna. Alifikiria kidole cha mjomba. Halafu alikiweka kidole chake mwenyewe kwenye mlango, mahali pale pale, akasukuma. Chuma kilikataa. Akasukuma tena kwa dole gumba. Kilikataa tena.

"Weka krimu kwa stoo," alimwambia Phelista, na huo ndio ulikuwa uamuzi wake wa kwanza wa wiki hiyo.

*

Walifika Bungoma kabla ya saa nne, gari likiwa na maua kwenye kioo na praima ikiwa imebadilika kidogo kwa vumbi. Langoni mwa kanisa alisimama mwanakamati wa upande wa bwana harusi, mzee mnene mwenye utepe wa njano kifuani na filimbi mdomoni. Magari mengine yalikuwa yameng'arishwa na kupangwa mbele, Prado ya Sifuna ikiwa ya kwanza. Mwanakamati aliliona gari jekundu likija likitoa moshi. Akapiga filimbi.

"Wewe, zunguka nyuma! Nyuma, nyuma! Gari ya mizigo inapitia jikoni!"

Wabwile alisimamisha gari. Shingo yake ilianza kuvimba juu ya tai. Wiki nzima ilikuwa imejipanga pale kooni, na ilikuwa inakaribia kutoka.

"Baba," Dinah alisema kutoka nyuma, "pole pole."

"Unajua nimebeba nini?" Wabwile alimwuliza mwanakamati.

Mwanakamati aliinama dirishani. Alimwona Phelista na kitenge chake kipya. Alimwona Dinah katika shela jeupe, mikono imelala mapajani, laini, ikinukia mafuta. Aliyatazama hayo yote kwa makini ya mtu aliyepewa kazi moja na kamati.

"Naona," alisema. "Na soda iko wapi?"

Dinah ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka shela likateleza, akamshika mama yake, naye Phelista, aliyejiandaa kulia siku hiyo, akacheka akilia. Wabwile alijitahidi kubaki na hasira yake, kwa kuwa aliistahili. Alishindwa. Ilibidi avute breki ya mkono.

"Tupeleke nyuma, Baba," Dinah alisema akipangusa macho. "Jikoni kuna watu wetu, akina mama wa Tumaini wametangulia na sufuria."

Wabwile alitia gia, akalizunguka kanisa polepole, akapita mbele ya Prado, mbele ya mjomba, mbele ya wageni wote waliogeuka, kiwiko chake kikiwa nje ya dirisha, akapiga honi mpaka kwenye masufuria.